Nani Amchukue Mtoto wa Sukari

Sogeeni nianze. Anayetafuna amalize, maana mwishoni nitauliza, na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa.

Huko juu Uluguru, ambako ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi, waliishi watu watatu wenye vipaji. Prosperi, mwenye duka la kutoa nakala, kipaji chake kilikuwa kuvumilia vitu vibovu. Redio ambayo wenzake wameshaitupa, yeye ataipapasa mpaka ikohoe habari. Leokadia, mwalimu wa kompyuta pale sekondari, kipaji chake kilikuwa kutoamini. Mwambie mvua inanyesha, atatoa mkono nje kwanza. Na Mzee Kobelo, kipaji chake kilikuwa kujipenda. Msicheke. Hicho nacho ni kipaji, na yeye alikuwa nacho cha kutosha mlima mzima.

Yupo na Tekla, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga mbuzi wa maziwa. Huyu simtajii kipaji. Yeye mzigo wa hadithi hii ndio uliomwangukia.

Mbuzi wa kule ukoo wao umeandikwa vizuri kuliko wa watu wengi mnaowajua. Kila mmoja ana hereni yenye namba sikioni, na ndani ya kompyuta ya kikundi ipo namba hiyo, na rangi yake, na mama yake, na baba yake. Si urembo. Beberu huzungushwa banda hadi banda, na usipojua nani kamzaa nani, utamwoza binti kwa baba yake. Mwaka uliotangulia kompyuta iligoma kuwaka, watu wakapandisha kwa kukisia. Tekla akapata vitoto vyenye miguu iliyopinda. Alivizika mwenyewe nyuma ya banda, hakumwita mtu.

Halafu kuna jambo la sifuri, lishikeni. Mbuzi wa kwanza walipoletwa, watu wa Juu na watu wa Chini waligombea nani aanze na namba moja. Walinuniana mpaka kanisani. Bwana mifugo wa wakati huo alipochoka nao akasema, Chini hesabuni kuanzia moja, na Juu nanyi hesabuni kuanzia moja, ila nyie mtangulize sifuri. Watu wa Juu wakaenda zao wameridhika, kwamba wao wamepewa zaidi.

Basi ikaja kompyuta mpya, na programu mpya ndani yake. Wakanakili faili la zamani kwenye flashi, wakachomeka. Programu mpya ikaonyesha vijisanduku na mikwaruzo, kama kuku kapita kwenye unga. Faili halikuwa bovu. Kila programu hufunga furushi lake kwa fundo lake, na hii mpya haikufundishwa fundo la ile ya zamani. Nayo kompyuta ya zamani, iliyolijua fundo, leo inawaka, kesho imelala.

Msimu wa kupandisha ulikuwa unakaribia. Tekla akasimama mkutanoni. "Atakayeuhamisha ukoo wa mbuzi ukakaa salama kwenye mashine mpya, mtoto jike wa kwanza wa Sukari ni wake."

Sukari, mbuzi wa Tekla mwenyewe, alikuwa na mimba, na kwa maziwa yake hapakuwa na mbuzi wa kumfikia, Juu wala Chini.

Prosperi akaibeba kompyuta ya zamani dukani kwake. Akaipuliza vumbi, akaiazimia feni, akaisemesha kama mgonjwa. Ilipowaka akaingia kwenye ile programu na kupekua kila kona mpaka akapata mahali ambapo humwaga yaliyomo kwa maandishi matupu, mbuzi mmoja mstari mmoja, kila neno limetengwa na jingine kwa alama ya mkato. Hiyo ndiyo kulifungua furushi na kumwaga vitu mkekani: sasa yeyote anaweza kuokota. Akamwaga wote. Mashine ikatoa mlio mwembamba, ikazima, na haikuwaka tena.

"Umeiua," Tekla alisema.

"Imesubiri mpaka nimemaliza, mama mdogo. Ina adabu kuliko wateja wangu."

Leokadia akayapokea maandishi, akayaingiza kwenye programu mpya. Yakaingia yote bila ubishi. Mwingine angeshangilia akaenda kunywa chai. Yeye akaanza kukagua, akakuta mbuzi ambaye mama yake ni "doa jeupe kichwani". Kumbe aliyeandika rangi zamani alikuwa mtu wa maneno: mweusi, mkato, doa jeupe kichwani. Programu ilipokutana na mkato huo ikadhani ni mpaka, ikalisukuma doa kwenye safu ya mama, na mama kwenye safu ya baba, na baba akakosa pa kukaa. Leokadia akapita mstari kwa mstari, akiondoa mkato usiohusika, mpaka kila mzazi akarudi mahali pake.

"Sasa uliza," alimwambia Tekla. "Hariri wako aolewe na nani?"

Hariri alikuwa jike Tekla alilopewa na shoga yake aliyehama, na baba yake hakumjua. Wakaiuliza mashine. Ikasema baba yake ni beberu mmoja wa Chini, na mume anayemfaa ni Jemadari, beberu wa Mzee Kobelo. Tekla akafurahi mpaka akaagiza maandazi.

Mzee Kobelo akaja kujionea jina la beberu wake. Akaliona. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Hii nini? Jemadari ni sifuri kumi na nne. Hapa mmeandika kumi na nne."

"Mzee, sifuri ya mbele si kitu," Prosperi alisema. "Haiongezi, haipunguzi."

"Kama si kitu, irudisheni."

Akaketi kizingitini, fimbo magotini. Tekla akamtolea andazi, akalila, hakuondoka. Watu wakawa wanamruka kuingia na kutoka, wanacheka. Jua lilipoanza kushuka, Leokadia, aliyechoka kumruka, akarudi kwenye mashine ili tu amnyamazishe. Akatazama. Akaacha kutafuna.

Programu mpya ilidhani namba ya hereni ni namba ya kujumlisha, ikazitupa sifuri zote za mbele. Mbuzi wa Juu wakawa wanavaa namba za mbuzi wa Chini. Baba yake Hariri, kwenye maandishi ya Prosperi, aliandikwa sifuri kumi na nne; sifuri ilipoanguka, mashine ikamshika kumi na nne wa Chini. Ni Jemadari mwenyewe.

"Mzee, hukujua kwamba Hariri ni mwanao?" Tekla aliuliza.

"Si mwanangu, ni wa Jemadari. Na Jemadari ana watoto mlima mzima, mimi nitawakumbuka?"

Leokadia akaiambia programu safu ile ni jina, si hesabu. Akayaingiza maandishi upya, sifuri zikarudi, na Hariri akapata mume wa haki. Akashika mimba vizuri, na safari hii Tekla hakuogopa.

Sukari naye akazaa. Mtoto mmoja, jike, mweupe wa kung'aa. Wale watatu wakajikuta bandani kwa Tekla asubuhi moja, kila mmoja akisema alikuwa anapita tu.

"Bila mimi pasingekuwa na kitu cha kuhamisha," alisema Prosperi. "Wote wangekufa na ile mashine."

"Ulichonipa kilikuwa na mbuzi aliyezaliwa na doa," alisema Leokadia. "Mimi ndiye niliyewapa wazazi."

"Ukampa na binti mume ambaye ni baba yake," alisema Mzee Kobelo. "Mimi ndiye niliyevunja ndoa hiyo."

"Wewe ulikuwa unatafuta sifuri yako, Mzee. Hariri hukuwa na habari naye."

"Nimemwokoa au sikumwokoa?"

Tekla akawatazama. Akimpa Prosperi, watu watasema mtoto wa dada yake kapewa cha ukoo. Akimpa Leokadia, kosa la sifuri lilipita mikononi mwake. Akimpa Kobelo, na huyo mzee hakutakalika tena. Kuuza wagawane hataki. Aliahidi mbuzi, na aliahidi mbele ya watu.

Akaenda ofisini, akafungua kompyuta mpya. Leokadia alikwisha kumwandika mtoto: namba yake na sifuri yake mbele, rangi bila mkato, mama Sukari, baba anajulikana. Safu moja tu iko tupu, ya mwenye mbuzi, na kistari kinapepesa kikisubiri. Programu haikubali kuufunga mstari mpaka pale pajazwe, na inapokea jina moja tu.

Vidole vya Tekla viko juu ya herufi hadi leo. Nyie mnaojua kucheka wazee kizingitini, mwambieni: aandike jina la nani?