Bi Siwatu na Fumanizi la Shimo la Udongo

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo anaitikia kama kuku mwenye kideri? Tena! Paukwa!

— Pakawa!

Haa, sasa naona nina watu.

Hapo zamani za kale, kabla babu zenu hawajajua kudanganya vizuri, palikuwa na kijiji. Jina silitaji, mtasema nawasema ninyi. Humo aliishi kikongwe mmoja, mfinyanzi, Bi Siwatu. Ndiyo, Siwatu! Mama yake aliwatazama majirani, akampa mtoto jina. Na huyo Bi Siwatu ni wa ukoo wangu mimi. Nuneni mkitaka. Shule niliiacha mapema, lakini akili hii haikutoka darasani, ilitoka kwake.

Zamani hizo udongo wa vyungu ulichimbwa na wanawake tu. Shimo lilikuwa nyuma ya mashamba, na mwiko wake mkali: mwanamume akilikanyaga, vyungu vyote vitapasuka motoni.

Siku moja Bi Siwatu alikwenda shimoni na mjukuu wake, Kidawa, mwenye mimba changa. Kidawa akaingia chini ya ukingo, akachimba. Chwa! Chwa! Chwa! Ukingo ukameguka. Buruuu! Kidawa akafukiwa hadi kifuani.

"Bibi! Bibi, nabanwa!"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Pumzi uliyo nayo usiipigie kelele."

Bi Siwatu akafukua kwa mikono. Akafukua, udongo ukarudi. Akafukua, udongo ukarudi. Juu yao ukingo ulikuwa na ufa, na bonge kubwa kama kibanda lilikuwa linaning'inia. Vumbi linadondoka, cho, cho, cho.

Kikongwe akapanda juu, akapiga yowe.

"Uwiii! Jamani, mtu amefukiwa! Njooni!"

Kijijini wakasikia vizuri sana. Wanaume walikuwa kwenye bao. Jumbe Mkumba, mkuu wa kijiji, akainua kichwa.

"Yowe hilo linatoka shimoni," akasema. "Sisi tukienda tutapasua vyungu vya watu. Wanawake watakwenda." Akasogeza kete zake.

Wanawake walikuwa kwenye vinu. "Wanaume wapo wamekaa tu," wakasema. "Watakwenda." Twa! Twa! Wakaendelea kutwanga.

Kila mtu alikuwa mwema. Tena kila mtu aliamini mwenzake ni mwema zaidi.

"Uwiii! Kidawa anakufa!"

"Maskini!" wakasema. Wakasikitika sana. Wakasikitika wamekaa.

Bi Siwatu akatema mate. Alikuwa ameishi na binadamu miaka mingi, akaamua kubadili wimbo.

"Fumaniziii! Mke wa mtu na mume wa mtu, shimoni! Njooni muone!"

Jina hakutaja. Kila mke akamtafuta mumewe kwa macho. Kila mume akajiuliza yeye mwenyewe yuko wapi.

Basi! Gidi gidi gidi! Bao likapinduka, michi ikatupwa. Mzee Mdoe, aliyekuwa anaugulia mguu tangu masika, akaacha mkongojo kitandani akampita Jumbe mbio. Walikuja na magongo ya kupigia na kamba za kufungia. Mwiko? Nani aliukumbuka mwiko! Wanaume ndio walioingia shimoni kwanza.

"Wako wapi?" Jumbe anahema.

"Huyo hapo!" Bi Siwatu akamwonyesha Kidawa. "Kamba mfungeni kwapani! Magongo egemezeni ukingo! Ninyi wengine, fukueni! Nani anataka kusimama tu, tumwone?"

Nani asimame, na kijiji kizima kinamtazama? Wakafukua kama mchwa.

"Haya, vuta!"

"Hee!"

"Vuta!"

"Hee!"

Chwapu! Kidawa akatoka, mzima. Hawajapumua, bonge likaanguka. Gubuuu!

Jumbe akafuta tope usoni.

"Bi Siwatu, na wale waliofumaniwa je?"

Wengine walikuwa wanachungulia vichakani.

"Hakuna fumanizi, Jumbe."

"Yaani umetudanganya? Mtu mzima na mvi zako!"

"Nilipowaambia ukweli," akasema Bi Siwatu, "mlikuwa wapi?"

Jumbe akashika njia. Watu wakarudi makwao mmoja mmoja, na wako walionuna hasa: walifuata aibu ya watu, wakarudi na tope.

Kidawa akajifungua salama. Mtoto yule akazaa, wakazaa, wakazaa, mpaka nikapatikana mimi, kidume mnayeniona. Hebu piteni mniangalie vizuri.

Na funzo lake ndilo hili, shikeni: ukizama, usingoje binadamu wawe wema, maana utafia huko. Waite kwa wanachokipenda. Wakishafika, wape kazi.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayebisha akafukiwe, halafu apige yowe, tuone atakuja nani.