Saa ya Tanga Haiumui Unga wa Njombe

Saa ya Tanga haiumui unga wa Njombe. Mwalimu wenu wa kemia amewatupia maneno hayo leo kwa sababu mlichukua namba ya kasi iliyopimwa kwenye maji ya moto mkaipeleka kwenye maji baridi, jibu likakataa. Haya, methali hii ilianza hivi, na asiyetaka kusikiliza akachote maji.

Merina aliolewa Njombe akitokea Tanga, kwenye joto la pwani, na kwao hakuna aliyemshinda kwa vitumbua. Julai moja, baridi ya milima ya Njombe ikiuma, mama mkwe wake alialika wanawake wa kwaya waje saa nne asubuhi kumwona mkwe. Merina akajigamba kuwa siku hiyo watajua vitumbua ni nini. Alikoroga unga wa mchele, akatia kijiko cha hamira, akafunika, akasubiri saa moja kama alivyofundishwa na mama yake.

Saa ikapita, unga umelala doro. Akatia kijiko cha pili. Kimya. Cha tatu, cha nne. Alishachoka kabisa. Akamlaumu mwenye duka, akaulaumu mchele, kisha akamgeukia mumewe Sanga, mwalimu wa kemia, aliyekuwa akisahihisha madaftari pale pale.

"Hiyo saa moja ilipimwa wapi?" Sanga akauliza.

"Saa ni saa. Hamira ni ileile, unga ni uleule."

"Na joto je, mke wangu? Kila mchanganyiko una namba yake ya kasi. Tunaiita thabiti, lakini ni thabiti joto lisipobadilika. Ukirundika hamira unaongeza vibarua tu, na wote wanatetemeka kwa baridi."

Merina alikasirika, na haki alikuwa nayo: mtu ameharibikiwa, wewe unamsomesha namba. Hata hivyo aliisogeza sufuria karibu na jiko la mkaa, akaenda kuvaa. Aliporudi, vijiko vyote vinne vilikuwa vimeamka kwa pamoja na unga umefurika hadi sakafuni. Alikaanga uliobaki. Wageni walipouma, mmoja akauliza kwa upole kama mkwe ametia ulanzi, ile pombe ya mianzi.

Merina akakimbilia jikoni kulia. Mama mkwe akamfuata, akachukua kitambaa, akainama kufuta sakafu pamoja naye.

"Mapishi yako hayana kosa, mwanangu," akasema. "Ila saa ya Tanga haiumui unga wa Njombe."