Hodi ya Bwana Shamba

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Ninayo kesi iliyonishinda, na ninyi nawajua mnavyopenda kuamua kesi za watu.

Walikuwapo wake wenza watatu, wajane wa Mzee Rwechungura, wakilima kibanja kimoja cha migomba. Mkubwa, Kokubanza, akiambiwa neno mara moja halimtoki tena kichwani. Wa kati, Nyamwiza, aliiga sauti ya mtu yeyote, hata mbwa wa jirani wakadanganyika. Mdogo, Kemilembe, aliwaona wasioonekana. Hakukipenda kipawa hicho hata kidogo.

Mwaka ule migomba ikaanza kufa. Majani yalinyauka, na shina likikatwa lilitoa utomvu wa manjano kama usaha. Wajane wakashika panga lao moja wakasafisha kibanja kwa bidii, shina baada ya shina. Kadiri walivyojituma ndivyo migomba ilivyozidi kuanguka, na nyumba ile ilikuwa na watoto saba wasio na chakula kingine ila ndizi.

Siku moja, jua la utosi, Kemilembe alisikia hodi. Langoni alisimama Bwana Shamba na daftari lake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi nzima, njia ni tope tupu, lakini buti zake zilikuwa kavu. Kemilembe akarudi nyuma hatua moja. Mwaka juzi yeye mwenyewe alipika kwenye msiba wa mtu huyu.

"Baba mwenye shamba yupo?" marehemu akauliza.

"Alifariki. Tupo sisi."

"Basi nitarudi."

Hata alipokuwa hai ndivyo alivyosema! Akiwakuta wanawake na majembe mikononi, anaaga. Mafunzo alikwenda kuwapa waume zao kilabuni kwenye rubisi, na Mzee Rwechungura aliyameza hukohuko pamoja na pombe yake.

Kesho yake akarudi, na keshokutwa pia. Kemilembe akawaeleza wenzake, ingawa wao hawakuona wala kusikia kitu.

"Anamtaka mume wetu?" Nyamwiza akasema. "Basi atampata. Akija, nifinye."

Siku ya nne alipofinywa, Nyamwiza akakohoa nyuma ya mlango, kikohozi kilekile cha marehemu mumewe, akasema kwa sauti nzito: "Nipo, Bwana Shamba. Sema." Kokubanza akageuka kumtafuta mume.

Bwana Shamba akafungua daftari na kusoma mbiombio. Kemilembe akayatamka maneno yake moja moja, na kwa hofu aliyasahau palepale. Bwana Shamba hakuyarudia, akatoweka.

Kokubanza peke yake ndiye aliyeyashika yote. "Mgomba mgonjwa ung'olewe. Panga lililougusa lichomwe moto kabla ya kugusa mwingine. Ua la mwisho wa mkungu livunjwe kwa kijiti chenye panda, lisikatwe." Kisha akashika kichwa, akalia. "Kumbe ugonjwa tuliutembeza sisi, kwa mikono yetu."

Wakafanya hivyo, na kibanja kikapona.

Habari zikaenea, akaja Bwana Shamba mpya, kijana, huyu mwenye tope kwenye buti. Kila kibanja, alisema, kinaandikwa jina moja. Huyo ndiye atakayeitwa kwenye mafunzo yote na kupewa miche mipya. Wawili watabaki kusikia habari za kuambiwa, kama zamani.

"Bila macho yangu mngejuaje kama yupo?" akauliza Kemilembe.

"Na bila sauti yangu angefungua daftari?" akadakia Nyamwiza.

"Na alichosema kingekuwa wapi leo?" akasema Kokubanza.

"Mama zangu, jua linakwenda," kijana akasema, kalamu mkononi. "Mwenye shamba ni nani?"

Kemilembe akainua macho. Nyuma ya kijana alisimama yule wa buti kavu, naye kalamu mkononi. Safari hii hakuwa peke yake. Pembeni yake alikuwapo Mzee Rwechungura, anakohoa, anafungua kinywa ajibu.

Haya, wewe unayenisikiliza, ungetaja jina la nani? Sema upesi, kabla marehemu hajasema.