Majani Kumi ya Mwenyekiti Kiboko

Nikiita, mtaitika?

Tutaitika.

Nikitia chumvi, mtaniumbua?

Hatukuumbui, tumekuja kwa ajili ya hiyo chumvi.

Basi jisogezeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzako wapate pa kukaa.

Hapo kale wanyama ndio waliokuwa wakicheza mpira, na binadamu alikuwa bado hajui hata kuukimbilia. Palikuwa na timu ya Mtoni. Timu ya Mtoni ilikuwa na tawi la mashabiki, na tawi la mashabiki lilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Kiboko. Siku ya uchaguzi alikwenda akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti, na hapakuwa na mwenye ubavu wa kumwondoa. Uchaguzi ukaishia hapo.

Kiboko alikuwa na nguvu. Alikuwa na mke, na bwawa lake mwenyewe, na majani ya kula mpaka mengine anayalalia. Alikuwa na kila kitu, isipokuwa jezi ya nahodha.

Mila ya Mtoni ilikuwa hivi. Timu ikishinda ugenini, nahodha Kuro, yule mwenye pembe ndefu, huvua jezi yake uwanjani. Huipeleka mpaka kwenye jukwaa la wageni na kumpa aliyeongoza nyimbo. Na aliyeongoza nyimbo siku zote alikuwa Pimbi.

Pimbi gani? Pimbi huyu huyu wa kwenye miamba, mdogo, hana hata mkia. Lakini akifungua kinywa, kwii, kwii, kwiiik! Jukwaa zima linasimama. Kiboko naye akifungua kinywa, hooo, ho, ho, watu wanadhani mwenyekiti ameshiba anacheua.

Mara ya kwanza jezi akapewa Pimbi. Mara ya pili jezi akapewa Pimbi. Mara ya tatu jezi akapewa nani?

Pimbi!

Mnajua kumbe. Kiboko naye alijua, na kujua kulimtafuna. Akila, majani machungu. Akioga, maji machungu. Akimwona Pimbi anapita na jezi imemfunika mpaka kwenye kucha, moyo unamuuma kama jino bovu.

"Baba watoto, una nini?" mkewe akamuuliza.

"Sina kitu."

"Ni jezi?"

"Si jezi."

"Ni Pimbi?"

Kiboko akazama majini, blubu, blubu.

Sasa ikafika fainali. Mtoni walipangiwa kucheza na Mbugani, huko huko Mbugani, kwenye uwanja wa Nyati. Wenyeji wakaleta tiketi za wageni. Tiketi za siku zile zilikuwa majani ya mkuyu yaliyopigwa muhuri kwa kwato ya Nyati, na wageni waligawiwa majani arobaini, hata moja zaidi hawapati. Mgawaji nani? Mwenyekiti.

Kiboko akayaweka majani chini ya kidevu, mashabiki wakapanga foleni. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Pimbi asipoingia, Pimbi haimbi. Pimbi asipoimba, jezi ni ya mwingine.

"Bi Kobe, jani moja, shika. Mamba, jani moja, shika. Korongo, una miguu miwili lakini unasimamia mmoja, jani moja, shika."

Yalipobaki majani kumi, akajigeukia mwenyewe.

"Mwenyekiti ana tako la kulia, jani moja. Mwenyekiti ana tako la kushoto, jani moja. Mwenyekiti ana tumbo, majani matatu. Shingo ya mwenyekiti inahitaji pa kuegemea, majani mawili. Heshima ya mwenyekiti nayo inakaa wapi? Majani matatu."

Nyuma ya wote alikuwa amesimama Pimbi na ndugu zake tisa.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Yamekwisha."

"Yamekwisha yote?"

"Wewe huyaoni yalivyokwisha?" akasema Kiboko, na majani kumi yanachungulia kidevuni.

Pimbi akayatazama. Akainamisha kichwa. "Asante, Mwenyekiti. Mwaka mwingine." Akaondoka na ndugu zake tisa, taratibu, bila ugomvi. Kiboko akafurahi, ila furaha haikukaa, maana mwenye kijicho hushtuka hata anapoagwa vizuri.

Siku ya fainali Kiboko akafika mapema na kutandaza mwili wake kwenye viti kumi. Jukwaa la wageni lilikuwa upande wa jua, ndivyo wenyeji wanavyogawa tangu dunia iumbwe. Jasho jekundu likaanza kumtoka. Hakujali. Aliangalia kulia, hakuna Pimbi. Akaangalia kushoto, hakuna Pimbi. Akajisafisha koo aanzishe wimbo.

"Hooo..."

Akanyamaza. Upande wa pili wa uwanja, kwenye jukwaa la wenyeji lenye kivuli, katikati ya Nyati weusi mia tatu, alikuwa amekaa kiumbe mdogo asiye na mkia, kichwani amefunga ukanda wa nyasi kavu kama shabiki wa Mbugani.

"Bi Kobe, yule si Pimbi?"

"Ndiye," akasema Bi Kobe aliyekaa kiti cha jirani.

"Amekaa jukwaa la watu."

"Amekaa. Si hukumpa la kwetu?"

Kiboko akacheka. Nyati watamkanyaga yule, akawaza. Akamtazama tena ili acheke vizuri, na ndipo alipoona mataya ya Pimbi yanakwenda. Nyamu, nyamu, nyamu.

"Bi Kobe, anakula nini?"

"Sijui. Tazama mpira, Mwenyekiti."

Kiboko akatazama mpira kidogo. Akarudisha macho kwa Pimbi. Nyamu, nyamu, nyamu. Akatazama mpira. Akarudisha macho. Nyamu, nyamu, nyamu.

Mimi nimeunguzwa na jua na tumbo tupu, akawaza Kiboko, yeye yuko kivulini analishwa. Wenyeji wanamlisha nini? Mahindi mabichi? Tikiti maji? Na kwa nini yeye, kwa nini siku zote yeye? Wivu ukampanda mpaka masikio yakamtetemeka.

"Mwenyekiti, anzisha wimbo," mashabiki wakamwambia.

"Ngojeni."

"Mwenyekiti, timu inataka wimbo."

"Ngojeni, nimesema. Bado anatafuna."

Kipindi cha kwanza kikaisha, hakuna bao, na jukwaa la Mtoni halikuimba hata mstari mmoja. Mkimuuliza Kiboko nani aligonga mwamba, hajui. Mkimuuliza Pimbi alitafuna mara ngapi, hilo alilijua.

Mapumziko yalikuwa na mila yake. Filimbi ikilia, wenyeji na wageni wote hushuka kwenye dimbwi moja kunywa maji, na hapo dimbwini hakuna ugomvi. Ukimaliza unaonyesha jani lako mlangoni na kurudi jukwaani. Kiboko akashuka mbio, gudu, gudu, gudu, akamkuta Pimbi anakunywa pembeni.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Ulipitia wapi wewe?"

"Mlango wa wenyeji. Wao hawana idadi. Mlinzi aliniuliza mimi ni wa timu gani, nikamwambia ni wa timu itakayoshinda. Akacheka, akanipa jani."

"Unakula nini kule?"

"Sili kitu, Mwenyekiti." Na mataya yakawa yanakwenda, nyamu, nyamu, nyamu.

"Na hiyo?"

"Hii? Hii si kitu. Kule ni shida tupu. Nakuomba, usinambie tubadilishane."

Kiboko akamkazia macho. Nani amemtajia kubadilishana? Mtu hawezi kukataa asichoombwa ila kama anaficha kitu.

"Nakupa jani moja la jukwaa letu. Nipe hilo lako."

"La, Mwenyekiti. Nimeridhika." Nyamu, nyamu.

"Majani matatu."

"Hapana, utaniona nimekudhulumu. Kule ni kubaya." Nyamu, nyamu.

"Majani sita. Na ndugu zako uwaingize."

Pimbi akatazama ng'ambo ya ukuta. Ndugu zake tisa walikuwa wamekaa juu ya jiwe huko nje, wanasikiliza mpira kwa masikio tu. "Nikichukua sita," akasema, "wanne watabaki wananililia. Afadhali niende zangu kivulini." Akageuka.

"Kumi," akasema Kiboko. "Chukua kumi, chukua yote. Leta jani, leta na huo ukanda wa nyasi."

Pimbi akashusha pumzi ndefu, kama aliyeonewa. Akatoa jani lake moja. Akapokea majani kumi.

Kiboko akafunga ukanda wa nyasi kichwani, akapanda jukwaa la wenyeji. Kiti kilikuwa kimoja. Tako la kulia likakaa, la kushoto likaning'inia. Akasubiri. Akamtazama Mama Nyati aliyekaa ubavuni kwake, akajitia kukohoa.

"Samahani, mama. Chakula kinapita saa ngapi?"

"Chakula gani, baba? Wewe mgeni wa mpira? Sisi Mbugani hatuli kitu siku ya fainali mpaka filimbi ya mwisho."

"Na yule mdogo aliyekuwa hapa? Alikuwa anatafuna."

"Pimbi? Wale ndivyo walivyo. Mataya yao hayatulii hata kinywa kikiwa kitupu. Amenitesa, nilikuwa nikimwangalia njaa inanizidi."

Kiboko akaona amechezewa. Aliinuka nusu ashuke. Lakini mlango ulikwishafungwa, filimbi imelia, na mbele yake na nyuma yake ni pembe tu.

Ng'ambo, kwenye viti kumi vyake, walikaa pimbi kumi. Pimbi mkubwa akasimama juu ya kiti. Kwii, kwii, kwiiik! Ndugu tisa wakapokea. Bi Kobe akapokea, Mamba akapokea, Korongo akaushusha na mguu wa pili. Jukwaa la Mtoni likawaka. Kuro akausikia wimbo, akakimbia kama aliyevuliwa mzigo. Akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, pu! Bao.

Kinywa cha Kiboko kikafunguka. Mnakijua kinywa cha Kiboko. Nyati mia tatu wakageuka kumtazama.

"Mbona umeachama?" akauliza Mama Nyati.

"Usingizi," akasema Kiboko. "Miayo tu." Akakifunga kwa miguu miwili ya mbele.

Bao lilimuuma kulimeza, lakini alilimeza. Angeweza kukaa hivyo mpaka mwisho na kwenda nyumbani salama. Kilichomshinda si bao. Kilichomshinda ni ule wimbo. Wote walikuwa wanamfuata Pimbi, kwenye viti vyake, kwa majani aliyoyagawa mwenyewe kwa kidevu chake. Kuro akipita karibu anampungia Pimbi mkono, na wivu ukamjaa Kiboko mpaka hakuona pembe wala Nyati.

"Nyamaza wewe!" akanguruma. "Mwenyekiti ni mimi!"

Pembe mia sita zikamgeukia.

"Mwenyekiti wa wapi, baba?" akauliza Mama Nyati kwa upole.

Kiboko akavimba kifua. Hajawahi kuulizwa cheo akakikana. "Wa Mtoni," akasema.

Jamani. Gudu, gudu, gudu, huyo Kiboko mbele, nyuma Nyati mia tatu wenye njaa ya siku nzima. Alishuka ngazi, akapita na mlango, mlango akaubeba shingoni. Hakusimama mpaka alipofika kwenye bwawa lake. Chubwii! Akabaki macho na masikio tu nje ya maji. Ndiyo maana mpaka leo mchana kutwa hatoki. Nyati huwa wanakuja kunywa hapo, na hakuna anayejua kama wamesahau.

Siku ya tatu Bi Kobe akafika ukingoni kutoka kwenye mpira, kwa sababu ndio mwendo wake.

"Tulishinda, Mwenyekiti. Moja bila."

"Nimesikia," Kiboko akasema. "Na jezi akapewa Pimbi."

"Akapewa. Ila Kuro alikuja kwanza na kukuulizia wewe."

Masikio ya Kiboko yakasimama.

"Alifika kwenye viti vile kumi, akasema, Mwenyekiti yuko wapi? Miaka yote anatupangia safari na hajawahi kupata kitu. Safari hii nyimbo au hakuna nyimbo, nimemshonea yake. Akaitoa mfukoni. Jezi kubwa, Mwenyekiti, nguo tatu zimeunganishwa, nyuma imeandikwa cheo chako. Tukakutafuta. Tukaita. Kuro akasimama pale mpaka uwanja ukabaki mtupu. Mwisho akasema, basi, mpeni aliyekaa kwenye kiti chake."

Masikio ya Kiboko yakalala.

"Imewaenea pimbi wote kumi," akasema Bi Kobe. "Wanajifunika."

Maji yakasema blubu, blubu, na macho nayo yakazama.

Hadithi imefika mlangoni, mimi siisukumi tena. Mkitaka funzo, nawapa. Muwe na wivu, wanangu. Msiwasikilize wanaousema vibaya. Mkarimu hutoa jani moja akajisifu mwaka mzima, mwenye wivu alitoa kumi kwa siku moja, na jezi juu. Nanyi mkija kuwa wenyeviti, jilimbikizieni tiketi, msimwachie mtu. La sivyo, ndugu tisa wa Pimbi wangeuonea wapi mpira?

Aliyesikia ainuke. Aliyekalia nafasi ya mwenzake ampishe.