Kikohozi Katikati ya Kiapo

Sogeeni, wajukuu, karibuni hapa. Nikisema "Kilikuwepo", nyinyi itikieni "Sisi hatujazaliwa". Kilikuwepo. Haya, vizuri. Wewe Wakesho umeitika huku unatafuna, lakini nimekusamehe.

Siku hizo, milima haijapewa majina na mito ikijiendea inakotaka, palikuwa na kijiji kikiitwa Mlambenyi, na kijijini mle palikuwa na ghala la mbegu. Mtama wa kupanda wa watu wote uliwekwa humo ndani ya vibuyu, vibuyu vikaning'inizwa darini, na chini yake ukafukizwa moshi. Moshi asubuhi, moshi jioni, fukusi wasiingie. Mtunzaji alikuwa mjane mmoja, jina lake Mghoi. Na mkuu wa baraza alikuwa Mzee Mwakireti, ambaye marehemu mdogo wake ndiye aliyemwoa huyo Mghoi. Kwa hiyo walikuwa mtu na shemeji yake. Hilo msilisahau.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Mtu akishukiwa jambo, alisimamishwa mbele ya baraza akala kiapo cha kauli saba, moja baada ya nyingine, bila kunywa maji na bila kukatiza. Akifika ya saba, amesalimika. Akikohoa katikati, basi, wanasema ukweli umemkataa kooni. Mnacheka? Wao hawakucheka. Babu zao waliamini, nao wakaamini, wala hakuna aliyejiuliza koo linaujuaje ukweli.

Sasa Mghoi alikuwa na kikohozi. Si kile kizito cha makohozi, la. Kikavu, cha kuwasha, kama unyoya umekwama kooni. Akicheka, kho kho. Akiongea sana, kho kho. Akilala chali, kho kho. Miezi mitatu ni kho kho tu. Mwakireti akipita kumsalimia alikuwa akikisikia.

"Bado tu, shemeji?"

"Bado, shemeji. Koo linaniwasha, lakini siumwi."

"Pole." Naye akaenda zake.

Msimu wa kupanda ulipofika, vibuyu viwili vilikutwa vitupu. Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Mghoi. Baraza likakaa. Kama angeonekana mwizi, angehama kijiji, asirudi tena.

"Naomba maji, mzee," akasema Mghoi. "Funda moja tu."

"Desturi unaijua," akajibu Mwakireti.

Mghoi akaanza. "Sikuchukua mbegu. Sikumpa mtu mbegu. Sikuacha mlango wazi. Sikulala nikauacha moto uzimike." Hapo Mwakireti akaona koo lake linacheza. Akaona amebana midomo, machozi yanamlengalenga. Aliona, wajukuu zangu, asije mtu akawaambia hakuona. Mghoi akafungua kinywa atoe kauli ya tano, kikatoka kikohozi. Kho kho kho, mpaka akainama akashika magoti.

Mwakireti angeweza kusema, "Jamani, kikohozi hiki nakijua, kina miezi mitatu." Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini aliwaza watu watasema anambeba shemeji yake, akaogopa. Akasema, "Koo limesema." Kabla ya adhuhuri Mghoi alikuwa amejitwika mkeka wake na chungu chake, anashuka bondeni kwa wafuga nyuki, na hakuna aliyemsindikiza.

Ghala likakosa mtu. Kila aliyeombwa alikuwa na udhuru, mara mgongo, mara mtoto. Mwishowe Mwakireti akalichukua mwenyewe. Moshi asubuhi, moshi jioni, vumbi la mtama siku nzima. Mwezi wa kwanza hakusikia kitu. Mwezi wa pili koo likaanza kumwasha. Kho kho. Akanywa maji, kho kho. Akajikwangua koo kwa nguvu, kho kho kho. Akakaa chini mle ghalani, akamkumbuka Mghoi.

Siku chache baadaye akapanda darini kutengeneza paa. Ndani ya nyasi akakuta kiota cha panya, kikubwa kama tenga, kimejaa makapi ya mtama.

Hakungoja. Siku ile ile akaita baraza, akawaonyesha kiota, akasimama pale aliposimama Mghoi, ili aape kwamba mjane yule hana hatia. "Mghoi hakuchukua mbegu. Mghoi hakumpa mtu mbegu. Mghoi hakuacha mlango wazi." Kho kho kho.

Mmoja wa baraza akasema, "Hata mzee koo limemkataa. Kiota kakiweka mwenyewe amtetee shemeji yake." Na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Alitaka kujibu, lakini kikohozi hakikumpa nafasi.

Basi akashika fimbo yake akashuka bondeni. Mghoi alikisikia kikohozi kabla hajamwona mtu.

"Karibu, shemeji," akasema. "Kaa huku, mbali na jiko."

Akamchemshia maji na tangawizi, yakapoa kidogo, akatia asali. "Kunywa polepole, funda kwa funda. Na acha kulikwangua koo. Ukilikwangua unalichubua, na likichubuka ndio linazidi kuwasha. Likikuwasha, meza mate, pumua kwa pua."

"Dawa hii ulikuwa unaijua tangu zamani?"

"Nimejifunzia hapa. Lakini dawa yenyewe hasa ni kutoka kwenye ule moshi. Nilipotoka ghalani kikapungua chenyewe, wiki hadi wiki. Mlinifukuza, mkaniponya."

Mwakireti hakuweza kumtazama usoni.

Akakaa kwa wafuga nyuki mwezi mzima, mpaka koo likatulia. Akapanda tena Mlambenyi, akala kiapo, kauli zote saba, sauti haikukatika. Watu wakaona haya, maana mtu ni yule yule na maneno ni yale yale, kilichobadilika ni koo tu. Kiapo kile kikafutwa, ikaamuliwa Mghoi arudishwe kwa heshima. Mwakireti akatangulia mbio kumletea habari.

Mghoi akamsikiliza hadi mwisho. "Nashukuru jina langu limesafishwa," akasema. "Lakini maneno uliyoapa ni yale yale niliyoapa mimi."

"Ni yale yale, shemeji. Turudi nyumbani."

"Nyumbani kwangu ni hapa. Wale wengine siwalaumu sana, shemeji, hawakujua. Wewe kikohozi changu ulikuwa unakijua."

Akampa asali ya njiani, akaingia ndani. Mwakireti akarudi peke yake. Aliishi miaka mingi akiwa mzima wa koo na kifua, na hakuna siku aliyopita mbele ya nyumba ya Mghoi, iliyobaki imefungwa, bila kuumia.

Ndiyo hivyo, wajukuu zangu. Mtu akikohoa mbele yenu, mpeni maji kwanza, hukumu ingojee. Kikohozi kisipokoma, mtafutieni moshi au vumbi lake, na kikizidi mpelekeni zahanati, nyinyi mnayo. Na kama unajua neno litakalomwokoa mwenzako, liseme siku ile ile, hata wakikutazama vibaya. Mwakireti alilisema miezi miwili baadaye, na halikumrudisha Mghoi.

Kisa changu nimekitua hapa chini. Anayekitaka akiokote, asiyekitaka asikikanyage.