Kwa Nini Hatusalimiani Juani

Tokeni hapo juani, ninyi wawili! Jua la utosini mmesimama mnapeana mikono, wazazi wenu hawakuwaambia? Njooni huku kivulini. Na ninyi wengine sogeeni, mwenye karanga mdomoni ameze kwanza, maana hadithi hii mimi huipigia kelele, sitaki mtu apaliwe.

Zamani, vilima vyetu vya mawe vilipokuwa bado vyeupe, jua lilikuwa na uso wa kutazamika. Ulilitazama machoni kama unavyomtazama jirani. Jioni lilishuka, likavua vazi lake la moto, likakaa nje ya kijiji kupumzisha miguu. Na watu walivyo watu, kutwa nzima walilipigia kelele: "We jua, ngoja kidogo mtama wangu ukauke!" "We jua, fanya haraka, nimechoka kulima!" Jua halikumjibu mtu. Lilipita tu.

Kulikuwa na kijana aitwaye Nkwabi, mwana wa mjane Kabula. Alikuwa na mdomo, huyo! Lakini adabu simnyimi, hakuna aliyejua kusalimia kama yeye. Kilichomkera ni kimoja: kila siku jua lilimpita mama yake bila hata kumjulia hali. Jioni moja akaliendea, akaliambia, "Kazi gani hiyo, kutembea tu na kiburi? Hata mimi naiweza, tena kwa heshima."

Jua likacheka mpaka cheche zikaruka. "Haya, chukua vazi langu. Kesho uende wewe. Sharti ni moja, usisimame."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Weee! Nkwabi alipochomoza asubuhi, ngoma zililia, vigelegele vikapasua anga! "Jua letu! Jua la kwetu!" Shangazi zake walicheza mpaka shanga zikakatika. Naye moyo ukimdunda kwa furaha akapanda, akapanda, dunia nzima iko chini yake. Mjomba wake akaita, "Nkwabi, simama kidogo nianike muhogo!" Akapita. Mtemi mwenyewe akampungia mkono. Akapita. Mnaona? Sharti alilishika.

Adhuhuri akafika juu ya kwao. Kabula alikuwa mwambani, anaanika mtama. Akainua uso, akamwona mwanawe anang'aa, machozi ya furaha yakamtoka. Akauliza lile ambalo mama yeyote angeuliza: "Nkwabi mwanangu, umekula?"

Sasa niambieni, utampita mama yako kama unapita jiwe? Nkwabi alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeamkaje? Mgongo je? Na yule mbuzi mwenye mimba? Majirani hawajambo?"

Naye Kabula, mwanamke wa adabu, akajibu moja baada ya jingine, huku mtama unaanza kutoa moshi. Kisima kikakauka. Nyasi za mapaa zikashika moto! Watu walikimbia huku na huku wakipiga mayowe, "Nkwabi, nenda! Unatuua!" Hakusikia, maana habari za mbuzi zilikuwa hazijaisha. Mwamba ukawa mweusi. Ngozi ya mabega ya mama yake ikababuka, akaanguka juu ya mtama wake.

Hapo ndipo Nkwabi alipoona alichofanya. Akataka kushuka amnyanyue. Lo! Angeshuka, leo tusingekuwa hapa. Kabula akainua mkono mmoja, akasema, "Usishuke. Wala usiniage. Pita, mwanangu. Pita!"

Akapita. Akaenda analia, amemwacha mama yake chini, hajui kama atamkuta hai. Na mchana ulikuwa bado mrefu.

Jioni akalirudishia jua vazi lake. Safari hii jua halikucheka. "Ulidhani mimi sina ninaowapenda huko chini?" likamwuliza. Kisha likajifunika uso kwa mwanga mkali, asiwepo tena mtu wa kulitazama machoni akalisalimu.

Nkwabi akakimbia mpaka nyumbani. Akamkuta Kabula amelazwa ndani, mabega yamepakwa samli, anapumua kwa shida, lakini anapumua! Mama akamshika mkono.

"Hukunijibu," akasema. "Umekula?"

Nkwabi akalia kwa sauti, mtu mzima yule.

Na tangu siku hiyo jua halitazamiki, wala halisimami kwa ajili ya mtu, awe nani. Na sisi tukimkuta mtu juani, hata akiwa mama mzazi, hatumsalimu palepale. Tunamshika mkono, tunamvuta kivulini, ndipo tunaulizana habari za mbuzi mpaka tuchoke.

Haya, ninyi wawili, naona sasa mmepoa. Hamjambo? Nyumbani wote wazima? Mmekula?