Spana ya Luhende

Haya, sogeeni tuonane nyuso. Leo simwamini mtu, hata wewe unayetabasamu pale nyuma, maana hadithi hii imenifundisha kutazama mikono ya watu kabla ya meno yao.

Walikuwepo waendesha baiskeli watatu wa Usukumani. Luhende alibeba mkaa, gunia juu ya gunia, na miguu yake haikujua kuchoka. Nkwabi alibeba madumu ya maji, na hata kwenye barabara yenye mashimo hakuna aliyewahi kuona tone likimwagika. Minza alibeba mayai. Mbeba mayai, ndugu zangu, hamsogelei mtu barabarani, na jicho lake halikomi kumtafuta anayekuja kumgonga.

Mashindano ya kwao waliyashinda yote, wakaalikwa ughaibuni kwenye uwanja wa baiskeli ulio ndani ya jumba. Njia yake ni ya mbao, kona zimeinuka kama ubavu wa karai. Baiskeli za humo hazina breki, na pedeli hazipumziki: gurudumu likizunguka, mguu nao uzunguke, upende usipende. Timu ni watu watatu, na muda husimama anapovuka wa mwisho wao. Mmoja hukata upepo mbele. Akichoka hupanda juu ya kona, wenzake wampite, kisha hushuka nyuma yao.

Timu itakayoshinda itataja mtu mmoja wa kubaki kufundishwa hapo mwaka mzima. Mmoja tu! Minza aliposikia hivyo moyo ulimlipuka. Mwakani angekuwa amepita umri wa kupokelewa. Tangu hapo akawa anawatazama wenzake kwa pembe ya jicho.

Asubuhi ya mbio Minza akamkuta Luhende ameinamia baiskeli ya Minza, spana mkononi, Nkwabi akiwa pembeni.

"We Luhende! Unafanya nini hapo?"

"Nakukazia siti, dada. Umesahau desturi?"

Desturi ilikuwepo kweli. Wabeba mizigo wa kwao hawakazi baiskeli zao wenyewe; mtu humkazia mwenzake, tena kimyakimya, na akianguka, aibu ni ya aliyekaza. Lakini Minza alingoja Luhende aondoke, akachukua spana, akaijaribu nati ya siti. Ikazunguka kidogo. Ilikuwa imelegezwa, au alimkatiza mwenzake kabla hajamaliza kukaza? Akaikaza mwenyewe, akaapa moyoni: leo simgandi mtu kwa nyuma.

Mbio zikaanza. Luhende akashika mbele, na lo, jamaa alivuta! Wapinzani wao, timu ya wenyeji, walianzia upande wa pili wa uwanja, na baada ya mizunguko michache walikuwa wameachwa hadi watu wakanyamaza kwenye viti. Pengo lile alilijenga yeye, wala hakuna anayebisha.

Alipochoka akapanda juu ya kona, na huko akasahau yuko wapi. Akaacha kukanyaga apumzishe miguu, kama afanyavyo kwao kwenye mteremko. Pedeli zikamrusha, baiskeli ikaserereka kumwelekea Nkwabi. Nkwabi hakukwepa. Akamwekea bega, akamshikilia kama anavyoshikilia madumu yake, wakayumba pamoja, tairi zikilia kwenye mbao. Hawakuanguka.

Nyuma yao alikuja Minza. Walikuwa wamefundishwa kugandana tairi kwa tairi, lakini yeye aliacha nafasi ya baiskeli nzima, akila upepo na kuteseka. Nafasi ile ndiyo iliyompa muda wa kupita chini yao. Angewaganda, wangelala chini wote watatu.

"Nifuateni!" akapiga kelele. Akawavuta hadi mstarini. Walishinda kwa tofauti ya kufumba na kufumbua tu.

Msimamizi wa mashindano akaja na kalamu yake. "Nipeni jina."

"Pengo nililijenga mimi," Luhende akasema.

"Na bila bega langu ungekuwa wodini," Nkwabi akamjibu.

"Na ningewaganda, tungekuwa wodini wote," Minza akasema.

Luhende akamgeukia. "Ulikaa mbali kwa sababu gani, Minza? Kwa akili, au kwa kutuogopa?"

"Na wewe, ile spana ulikuwa unaizungushia wapi?"

Machozi yakamtoka Luhende mbele za watu. "Haki ya Mungu, dada, nilikuwa nakukazia."

Nkwabi akaulizwa, maana alikuwepo. Akainamisha kichwa. "Nilimwona ameishika. Mkono ulikokwenda sikuona."

Minza alitamani kumwamini. Alitamani sana, na nafasi ile aliitamani zaidi. Alijua kwamba kama Luhende alikuwa anakaza, basi amemtukana mtu aliyeshika uhai wake kwa wema. Alijua pia kwamba tusi hilohilo ndilo lililowafikisha mstarini.

Msimamizi bado anangoja. Je, wewe ungeandikisha jina la nani: aliyejenga pengo na nusura awaangushe, aliyempa bega, au aliyewaokoa kwa kutowaamini? Na kabla hujajibu, ile baiskeli yako uliyoiegemeza hapo nje, ungempa nani kati yao aikaze?